Mtu wa mtaani apewe chumba kwanza, ama kwanza aache gam ya kunusa?

Mwenye uzi (Nairobi)

Wadau, leo tubishane bila matusi. Kila mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, na sheria yenyewe ya Machi 2024 inasema kutakuwa na nyumba za jamii kwa watu wenye mapato chini ya 20,000 kwa mwezi. Sasa yule jamaa analala kwa korido ya duka River Road na gunia, si huyo ndio wa kwanza kwa hiyo laini? Lakini ukiuliza mtu yeyote anakwambia eti huyo kwanza aache gam, aache pombe, aokoke, apate kazi, halafu ndio tuongee mambo ya nyumba. Mimi naona tumeishika ngazi upande wa juu chini. Na sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi, nimejaribu na ikanishinda, wacha niwaambie.

Kuna mzee wa mkokoteni hutubebea mizigo kutoka soko la Marikiti, ako kama miaka 40 hivi, analala base, yaani kijiwe cha watu wa mtaani, na wenzake nyuma ya vibanda. Mtu mwaminifu sana, unampa gunia la viazi unaenda zako, utalipata mlangoni. Lakini jioni chupa ya gam iko puani. Tukachanga watu saba, tukamtafutia singo (chumba kimoja) ya mabati mtaa wa Huruma, 3,500 kwa mwezi na depositi ya mwezi mmoja, tukanunua godoro, jiko, sufuria mbili na kufuli. Tukapiga picha hata, aibu yangu hiyo.

Usiku wa kwanza alilala mlango wazi. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia "nikifunga nitajuaje nani anakuja?" Na alilala na viatu mguuni, kwa sababu huko base ukivua viatu unaamka huna. Wiki mbili hivi akawa sawa, anakuja kazini ameoga. Halafu mvua ya Aprili ikaanza na wale wa base wakajua ako na paa. Wewe ungewafungia? Watu mmekula nao kwa pipa moja miaka kumi? Wakawa sita ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, kelele, mmoja akakojoa kwa ngazi. Keateka, yule mwangalizi wa ploti, akaweka kufuli yake juu ya yetu. Depositi ikaenda, godoro likaenda, mzee akarudi base na sasa akiniona anaangalia chini.

Wenzangu sita wote walisema "unaona? hawa watu hawasaidiki." Mimi nikakaa nikafikiria na nikaona tulimpa ufunguo tukaenda. Hakuna hata mmoja wetu alirudi pale baada ya wiki ya kwanza. Na chumba chenyewe hakikuwa chake, renti ilikuwa inatoka kwa simu yangu maana hana kitambulisho, bila kitambulisho hakuna laini ya simu, hakuna M-Pesa, hakuna Boma Yangu, ile tovuti ya kuomba nyumba za serikali. Keateka hakujua hata jina lake kamili. Alikuwa mgeni kwa nyumba yake, na alikuwa na wageni.

Ile hesabu ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani Kenya nzima, 15,337 wakiwa Nairobi. Ukisikia hivyo unafikiria watoto, lakini kuna watu wazima wengi kama huyu, walikuwa watoto mtaani wakazeekea hapo hapo. Vituo vya watoto viko. Cha mzee wa miaka 40 nionyesheni.

Haya, semeni.

Landlodi mdogo

Boss pole kwa depositi yako lakini wewe mwenyewe umejibu swali lako. Niko na vyumba 12 Eastlands, choo viwili, maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Nikiweka mlevi mmoja pale, wapangaji wanne wanahama mwisho wa mwezi, na hao ndio wanalipa loni yangu ya benki. Huruma nzuri lakini inalipwa na nani?

Halafu kuna jambo la haki hapa hamtaki kulisema. Kuna mama mtaa wa mabanda wa Mukuru anafua nguo za watu siku saba, analipa renti ya mabati kila mwezi hajawahi kuchelewa, hata yeye hiyo nyumba ya serikali anaisikia tu kwa redio. Huyo umruke umpe mwenye chupa? Kesho nusu ya Mukuru itatoka na magunia ikalale River Road ndio ipate ufunguo. Watu si wajinga.

Mkenya Espoo

Mimi nasoma hii nikiwa shifti ya usiku Finland, na kazi yangu ni hiyo hiyo, msaidizi kwa jengo la watu waliotoka mtaani, kwa hivyo nitaandika refu mnisamehe.

Huku walianza mpango wa nyumba kwanza mwaka 2008. Kabla ya hapo ilikuwa ngazi kama mnavyosema, kwanza bweni, ukikaa bila pombe unapanda, ukiteleza unarudi chini, na wengi walikuwa wanazeeka kwa hiyo ngazi. Helsinki kuna jengo la Jeshi la Wokovu mtaa wa Alppikatu lilikuwa bweni tangu 1936, vitanda 250 vya dharura. Wakalifunga, wakalitengeneza, 2012 likafunguliwa likiwa na fleti 81, kila mtu na mlango wake, jiko lake, choo chake. Yaani walikubali kupunguza vitanda ili wapate nyumba. Hilo ndilo watu hawaelewi wakisikia habari za Finland, hawakujenga shelta kubwa zaidi, walizifunga.

Landlodi, si bure. Mpangaji anasaini mkataba wake mwenyewe na analipa renti, kama hana kazi analipiwa kwa posho ya nyumba ya serikali. Akishindwa kulipa tunakaa naye mezani kabla barua haijatoka. Kuacha pombe si sharti la kuingia, lakini kupiga wenzako au kuvunja mlango wa jirani bado ni kosa kama kwa mpangaji yeyote.

Ile ya kulala na viatu nimecheka nikanyamaza. Tulikuwa na mpangaji mwezi mzima amelala sakafuni kwenye mlango, jaketi limefungwa zipu mpaka kidevuni, kitanda kimetandikwa hakijaguswa. Hatukusema kitu. Siku moja nikapata shuka limekunjana. Na hilo la wageni ndilo linaloleta shida kuliko pombe, hata huku. Mtu hawezi kuwaambia marafiki zake toka, kwa hivyo mlangoni kuna sisi, yeye anasema "hawa wafanyakazi ni wabaya, wamekataa" na urafiki unabaki.

Lakini nisiwadanganye. Canada walifanya jaribio kubwa, 2009 mpaka 2013, miji mitano, watu zaidi ya 2,000, nusu hivi wakapewa nyumba kwanza na wengine wakaachwa na huduma za kawaida. Miezi sita ya mwisho asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa ndani muda wote, wale wengine asilimia 31. Kwa nyumba, ushindi. Lakini kwa ulevi na afya ya akili makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Nyumba si dawa ya pombe, ni dawa ya kutokuwa na nyumba, basi. Na hapa Finland kwenyewe, miaka mingi idadi ilikuwa inashuka, mwisho wa 2024 ikapanda mpaka 3,806 kutoka 3,429 mwaka mmoja kabla. Wamekata posho, si ndio mambo hayo.

Wa Tanga

Mkuu wa Espoo asante, umeandika vizuri, ila nchi yenye posho ya nyumba usiilinganishe na sisi. Nina mdogo wangu alikuwa teja, mtu wa unga wa heroini, niseme wazi. Mara ya kwanza tulimpangia chumba, Wallahi ndani ya wiki kauza mpaka feni na waya za ukutani. Kilichomsaidia ni soba, nyumba ya kuachia unga, miezi minne na baadaye dozi ya methadone, dawa ya kuzuia hamu ya unga. Kwa hiyo mimi nipo upande wa kwanza aache.

Ila kuna kitu kinanisumbua kwenye msimamo wangu mwenyewe. Methadone unapoanza unainywa kila siku, mbele ya nesi, siku zote saba. Hospitali ya Muhimbili wameanza 2011 kwa utaratibu huo. Sasa mtu anayelala stendi, usiku kakamatwa kwa uzururaji, katolewa siku ya tatu, hiyo dozi kaipata wapi? Anarudi kwenye unga kwa sababu ya arosto, yale maumivu ya kukosa dozi, halafu tunasema hana nia. Mdogo wangu alikuwa anatokea kwa mama, mama ndiye alikuwa anamwamsha saa kumi na moja. Asingekuwa na pa kutokea sijui.

Na hilo la uzururaji, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapo hapo Arusha, Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za kukamata watu kwa kuzurura tu zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na nchi zizibadilishe au zizifute. Kwenye Kanuni ya Adhabu yetu vifungu vya 176 na 177 ndivyo vinavyotumika. Unamlaza mtu lupango kwa kosa la kukosa pa kulala, na hiyo lupango ina paa, mkate na askari wa zamu. Hela ipo basi.

Nilitoka Globe

Mnaongea wanaume tupu. Nimelala Globe, pale raundabauti ya Nairobi, miaka sita. Msichana wa base halali peke yake, anachagua mwanaume mmoja ndio wengine wamwache, hiyo ndio renti yake. Mkileta shelta moja ya wote mtaniona tu nje na mvua yangu. Mlango unaofungwa kwa ndani, mimi sikutaka kitu kingine.

Na mtu akisema waende wapelekwe mahali mbali, hiyo tumeona. Nakuru Februari 2019 watu walirushwa kwa lori usiku wakaachwa msitu wa Chemususu kule Baringo, na baridi ile. Hiyo pia ilikuwa "huduma".

Mimi nilitolewa na mama wa chai. Alikuwa anakuja Jumamosi, kila Jumamosi, hata ile nilimtupia chupa. Alinipeleka kukaa kwa stoo yake. Gam niliacha baadaye sana, kama mwaka na nusu, sikumbuki siku, iliisha tu.

Landlodi mdogo

Sasa huyu dada ameninyamazisha kidogo. Lakini bado nina swali, huyo mama wa chai mko nao wangapi? Mtu wa kuja kila Jumamosi na kutupiwa chupa, bure, bila mshahara. Huwezi kupangia nchi kwa kutegemea huruma ya mama mmoja.

Mwenye uzi

Ndio maana nasema alipwe! Ile asilimia 1.5 yote inaenda kwa simiti na vyuma. Nyumba ya jamii ikiisha kujengwa, nani atakaa pale mlangoni kama jamaa wa Espoo? Hiyo kazi haina jina kwa bajeti. Kuna mfuko wa serikali wa familia za mitaani tangu 2003, basi uunganishwe na hizi nyumba, chumba kije na mtu. Na mama wa Mukuru hatumruki, yeye anahitaji nyumba tu, huyu wangu anahitaji nyumba na mtu, ni foleni mbili tofauti.

Landlodi nikuulize kama mfanyabiashara. Finland kuna wakfu unaitwa Y-Säätiö, uko tangu 1985, unanunua fleti moja moja kwa majengo ya kawaida halafu unawapangisha hawa watu. Tuseme hapa kaunti ama kanisa ama msikiti ukodishe chumba chako kwa jina lao, wao ndio wanakulipa, si mlevi. Ungekataa?

Landlodi mdogo

Kaunti hapana. Wanadaiwa na kila mtu, nitalipwa renti ya Januari mwezi wa Agosti. Kanisa ama msikiti tunaweza kuongea. Miezi mitatu mbele. Chumba cha chini karibu na geti, si juu, juu kuna watoto. Wageni wasizidi mmoja baada ya saa mbili usiku. Na nipewe namba ya mtu atashika simu saa nane usiku, si namba ya ofisi. Nitaanza na mmoja. Mmoja!

Mwenye uzi

Namba weka yangu. Wale sita nimewapigia, wawili wamekubali kurudi, kila mtu na siku yake ya kupita pale. Lakini mkataba safari hii uandikwe kwa jina lake, kwa hivyo kitambulisho kwanza. Alitoka kwao akiwa na miaka tisa, anakumbuka jina la shule na jina la chifu wa wakati huo, basi. Jumanne tunapanda matatu kwenda huko kutafuta mtu wa kwao atakayesema anamjua. Dada wa Globe, wewe ulipataje yako?

Nilitoka Globe

Nilienda mara nne. Mbebe na picha kama iko. Na mumnunulie viatu vya kufunga kamba, wakiona slipaz hawamsikizi.