Mrejesho: yule mhasibu asiyekosa kazi

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza: mtu kama mimi, asiyekosa kazi hata siku moja, anayefunga hesabu za mwezi kwa wakati, naye ni mlevi? Wengi mlinituma kwa munganga (daktari). Nilikasirika, nikanyamaza.

Mwezi wa sita nikajaribu kuacha pombe kivyangu. Ijumaa niliacha ghafla, nikajifungia nyumbani Katuba. Kesho yake mikono ilitetemeka hadi chai ikajaa kwenye sahani, jasho linanitoka na baridi yote ile ya Lubumbashi. Mke wangu akaita teksi. Munganga alinigombeza: mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kushikwa na degedege, hasa ndani ya saa 48 za kwanza. Alinipa dawa za kutuliza, dozi ikipungua siku kwa siku, na vitamini B1.

Na ile chupa ya maji niliyokuwa natia lutuku (pombe kali ya kienyeji) bironi, yaani ofisini? Mama anayefagia alijua zamani. "Papa, mimi ndiye nilikuwa naiosha."

Sasa ni wiki ya 11. Nimeteleza mara moja, kwenye matanga. Hesabu za mwezi uliopita nilichelewa siku mbili. Shefu hakusema kitu.