Ejenti anasema Kijerumani nitajifunza nikifika, niende ama nitulie?

Nesi_Umoja
Wasee habari zenu. Mimi ni nesi wa diploma, niko hospitali ya kibinafsi huku Eastlands na mshahara ukiingia kabla ya tarehe kumi ni bahati. Sasa kuna ejenti hapo tao amenipatia kazi Ujerumani, nyumba ya wazee huko Bavaria, mkataba nimeuona lakini wote ni Kijerumani sijaelewa kitu isipokuwa jina langu. Anasema lugha isinipe presha, nitume tu laki moja na nusu aanze mambo ya viza. Brathe yangu alienda Qatar bila Kiarabu na anasukuma tu na Kiingereza chake. Mathe anasema niende, bwanangu amenyamaza. Mnaonaje?

Kamau_wa_Donholm
Pesa usitume!! Kwanza angalia kwa tovuti ya National Employment Authority kama huyo jamaa ako na leseni na haijaisha. Na Qatar usilinganishe, huko wafanyakazi wengi ni wageni so Kiingereza kinapita. Ujerumani mgonjwa wako ni shosho wa miaka 90 anayekuita usiku na hana lugha ingine.

Dada_Stuttgart
Niko huku, kazi ni hiyo hiyo. Ndio utambuliwe kama nesi kamili wanataka B2 (level ya nne ya lugha, zinaanza A1, A2, B1), kabla ya hapo unafanya kama msaidizi na mshahara ni wa msaidizi, hiyo ejenti hawezi kukwambia. Na hata ukiwa na B2 yako, wazee wa Bavaria hawaongei ile ya kwa kitabu, wiki za kwanza utadhani ulisomea lugha ingine kabisa. Ripoti ya kubadilisha shifti inasomwa mbio, halafu daktari anapiga simu kubadilisha dozi na hapo huoni hata mdomo wake, ukiskia vibaya ni kesi. Barua nazo! Bima, benki, ofisi ya wageni, kila mtu anatuma barua kwa posta, Kijerumani tupu na mwisho wa kujibu imeandikwa.

Otis_Ghala
Msimtishe sana. Mimi niko Poland kwa ghala, supavaisa ananionyesha kwa mkono, maisha inasonga. Shida ni nikiugua tu, natafuta Mganda mmoja anipeleke kwa daktari anitafsirie

Dada_Stuttgart
@Otis boksi halina mzio wa dawa bana

Nesi_Umoja
😂😂 Na nikienda na ile Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya huko?

Kamau_wa_Donholm
Ya unesi ni miaka 3, unalipwa ukisoma, lakini pia hiyo hawakuchukui na Kijerumani sifuri. Na wewe tayari ni nesi, urudi darasani ya nini? Ule mkataba wa wafanyakazi Kenya na Ujerumani walisaini Berlin Septemba 2024 haukuondoa lugha, maejenti wanautumia tu kama chambo.

Dada_Stuttgart
Anza A1 saa hii ukiwa bado na kazi. Deutsche Welle wana masomo ya bure kwa simu, mtihani ufanyie Goethe-Institut hapo tao. B1 na B2 zao ziko na sehemu nne, ukifeli kuongea unarudia hiyo peke yake. Na huo mkataba wako wa kazi mpe mtu mwingine akusomee, sio ejenti.

Nesi_Umoja
Sawa, pesa nimeshikilia. Kuna mtu anajua mwalimu wa jioni huku upande wa Umoja ama Buruburu? Shifti yangu inaisha saa kumi na mbili na jam ya Jogoo Road mnaijua.