Mrejesho: namba za mashine zinapanda, mkojo bado unatoka

Niliuliza kwa nini mashine ya kupima misuli ya chini ya nyonga inaonyesha namba kubwa, na bado mkojo unatoka mtu akikohoa. Kine (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) wa hapa Bukavu amekubaliana na mlionijibu kwamba mashine inasoma pia misuli ya tumbo na matako. Dawa yake: jozi ya pili ya elektrodi (vibandiko vya mashine vinavyosoma misuli) ibandikwe tumboni, mstari wake kwenye skrini ukipanda, zoezi hilo usilihesabu. Jozi ya kwanza ikae kando ya mkundu, elektrodi moja ya ziada, ya kulinganishia, kwenye mfupa wa nyonga, ngozi kavu, bila mafuta.

Bana misuli hiyo ya chini ya nyonga sekunde 5, legeza 10, mara 8, kutwa mara 3, kwa miezi 3. Kulegeza ndiko wengi wanakokosea: mikrovolti (zile namba za mashine) zisiposhuka, usibane tena. Chaja ya simu iwe mbali, huchafua mstari.