Kabati la droo lenye njumu (mapambo yaliyopachikwa kwenye mbao), Chester County, Pennsylvania: gundi gani, vanishi gani?

Mbao_Kavu: Wakuu, niko Pennsylvania. Nina kabati la droo la walnati, njumu zake ni mistari ya pinde yenye vitufe vyekundu mwishoni. Naambiwa ni la miaka ya 1740. Baadhi ya mistari imeinuka. Nitumie gundi gani? Na vanishi?

FundiRanda: Gundi nyeupe ya dukani hapana. Tumia gundi ya ngozi: iloweke maji baridi ilainike, ipashe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi. Ikichemka, nguvu kwisha. Ipenyeze kwa brashi nyembamba, funika karatasi ya nta, kibao, uzito juu, acha hadi kesho. Mbao husinyaa upande wa upana. Mstari unaokatiza nyuzi za mbao hausinyai nayo, ndiyo maana unafyatuka.

MamaSubira: Umelipataje? Kununua kwa mzee kwa bei ya chee ni dhuluma.

Kisosi: Vitufe vyekundu? Nilidhani zambarau 😂

FundiRanda: Ni mwerezi mwekundu. Ila Mbao_Kavu, vanishi ya nini? Ya zamani iko wapi?

Mbao_Kavu: Sawa... droo ya juu nimeshaipiga msasa. Namba 80, ule wa kukwaruza sana. Ilikuwa nyeusi, mnunuzi angekimbia.

FundiRanda: Namba 80! Weusi ule ndio bei yenyewe. Pamba yenye unyevu kidogo ingetosha, ukianza kujaribu pembeni.

Mbao_Kavu: Zimebaki tatu, si bora zifanane tu?

Mpekuzi: Ngojeni. Chini ya droo kuna alama gani za msumeno?

Mbao_Kavu: Za upindeupinde. Misumari ina vichwa vya duara.

Mpekuzi: Huo ni msumeno wa duara na misumari ya waya, mambo ya karne ya 19. Uzi huu ni chai. Picha hata moja hakuna.

Mbao_Kavu: Si chai! Ni droo ya chini tu. Nyingine zina mikwaruzo ya randa.

FundiRanda: Basi ubao huo ulibadilishwa; droo ikiburutwa miaka mingi hulika chini. Tazama nyingine kama zina dalili za kazi ya zamani ya mkono: meno ya kona yasiyolingana, mbao za popla au mwaloni ndani. Kisha tafuta kitundu penye kitovu cha kila upinde. Mistari ile ilichorwa kwa bikari, na ncha yake huacha alama.

Mbao_Kavu: Vitundu vipo droo tatu. Ile ya msasa sivioni.