Nginx inanipa 403 na ruhusa zote nimeshafungua

fundi_wa_usiku
Wakuu habari zenu, nimehamishia tovuti kwenye seva mpya ya Ubuntu 22.04, faili ziko /home/deploy/tovuti, nginx (programu inayorusha tovuti) inawaka fresh kabisa ila nikifungua kwenye brauza ni 403 tu, yaani seva inakataa kunionyesha. Nimepiga chmod -R 777 (kila mtu asome, aandike na aendeshe) folda nzima ya tovuti lakini wapi, error.log bado inaimba 13: Permission denied. Sasa kuna ruhusa gani tena zaidi ya 777??

mzee_wa_terminal
Mkuu unafungua vyumba wakati geti la nje limepigwa kufuli. Yuza anayeendesha nginx, kwa Ubuntu ni www-data, lazima awe na x (ruhusa ya kupita) kwenye KILA folda ya njiani kuanzia / mpaka kwenye faili yenyewe. Na tangu Ubuntu 21.04 folda za home zinatengenezwa na 750, yaani mtu baki hapiti. Piga hii utuwekee majibu:

namei -l /home/deploy/tovuti/index.html

fundi_wa_usiku
Duh kweli, kuna mstari huu

drwxr-x--- deploy deploy deploy

vile vistari vitatu vya mwisho ndo vinanikaba eeh? Niweke 755?

mzee_wa_terminal
Ndo hivyo. chmod o+x /home/deploy ingetosha, x bila r (kusoma) wanapita tu ila hawawezi kuorodhesha kilichomo. Ila mimi home siiwekei tovuti, humo kuna .ssh na takataka zako nyingine, hamishia /var/www/tovuti na ubadilishe root (mstari unaotaja folda ya tovuti) kwenye konfigi ya nginx. Halafu hiyo 777 itoe leo leo, programu yoyote humo ndani inaweza kuandika kwenye php zako, mtu akipata upenyo kidogo tu anakupandikizia uchafu wake.

find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 755 {} +
find /var/www/tovuti -type f -exec chmod 644 {} +

Usifupishe kwa chmod -R 644, utaziondolea folda x urudi kulekule kwenye 403. Faili yenye nywila ya database iwe 640 (grupu isome tu, wengine hola), grupu www-data.

fundi_wa_usiku
Imefunguka mkuu!! ila sasa watu wakipakia picha inagoma

bi_seva
Hapo ni kwa sababu mwenye faili ni deploy na PHP inakimbia kama www-data. Mfungulie folda ya picha peke yake:

sudo chown -R deploy:www-data /var/www/tovuti/uploads
sudo find /var/www/tovuti/uploads -type d -exec chmod 2775 {} +

Ile 2 ya mbele inafanya faili mpya zirithi grupu. Usimkabidhi www-data tovuti nzima, najua mafunzo kibao yanaelekeza hivyo na yanaudhi kwelikweli.

kali_wa_fedora
Kwa wenye Fedora au Rocky, ruhusa zikiwa sawa na bado inakataa cheki lebo za SELinux (ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida) kwa ls -Z. Faili ukizihamisha kwa mv kutoka home zinakuja na lebo ya zamani, restorecon -Rv /var/www inarekebisha. Akitokea wa kukwambia uilegeze yote kwa setenforce 0 mpotezee.