Alama ninazo, ila hazinionyeshi pa kurudia: jaribio la sehemu, darasa la tano

Mwalimu wa Tano

Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha Hisabati darasa la tano katika shule ya msingi ya mkondo mmoja, wanafunzi 84, na tatizo langu si kukosa alama bali kuwa nazo nyingi zisizonisaidia. Nilitoa jaribio la maswali kumi ya kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, na wanafunzi 19 tu ndio waliovuka nusu. Nikarudia mada yote tangu mwanzo kwa vipindi vinne, nikatoa jaribio linalofanana na lile la kwanza, na waliovuka nusu wakawa 23. Mwalimu wa taaluma anazitaka alama hizo kwenye fomu ya upimaji endelevu, nami nitampatia, lakini naona haya kumwandikia mtoto tatu ya kumi mara mbili bila kujua ni kipi hasa asichokijua. Mnatunga na kusahihisha vipi jaribio ili likuonyeshe pa kuanzia, hasa kwa darasa la watoto wengi kiasi hiki?

Kigawe Kidogo

Mwalimu, kabla hujatunga jaribio la tatu, rudi kwenye madaftari uliyokwisha kusahihisha. Chagua swali moja tu, tuseme nusu jumlisha theluthi, na badala ya kuhesabu vema na makosa, orodhesha majibu yenyewe kama watoto walivyoyaandika. Utaona kwamba hayakutawanyika ovyo, bali yamejikusanya katika mafungu machache. Aliyeandika 2/5 amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili, yaani bado anaiona sehemu kuwa namba mbili zilizopangwa juu na chini. Huyo hata ukimkaririsha KDS (kigawe kidogo cha shirika) muhula mzima hutampata, mpaka akunje karatasi na kuona kwa macho yake kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Aliyeandika 2/6 amepata KDS sawasawa ila hakubadili kiasi, na huyo anahitaji dakika kumi tu za mazoezi. Wapo pia watakaoandika 1/6 kwa sababu wamezidisha badala ya kujumlisha. Wote hao wana sifuri ileile kwenye fomu, na ulipowarudishia mada nzima kwa pamoja ulimpa kila mmoja dawa ya mwenzake.

Majibu hayo yakishajulikana, yageuze kuwa vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, katika maswali ya kuchagua. Tangu mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba hapa Tanzania ulipoanza kujibiwa kwa kusiliba (kutia kivuli herufi ya jibu), hata wa Hisabati, wengi wetu tumezoea kujaza machaguo kwa namba yoyote inayotujia. Kipotoshi kizuri ni kosa ambalo mtoto halisi amelifanya, kwa hiyo mtoto akichagua herufi B unajua papo hapo alipopotea. Kwa wanafunzi 84, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Mtunzi wa Mitihani

Naongeza jambo moja kuhusu uhalali wa jaribio lako. Je, maswali yote kumi yalikuwa ya namba tupu, au mengine yalikuwa ya mafumbo? Niliwahi kutunga swali la mama aliyegawa shamba lake, nikatumia maneno "theluthi ya sehemu iliyosalia", na watoto waliolikosa walikuwa hasa wale ambao Kiswahili wanakipata shuleni tu. Nilipowachorea shamba ubaoni, wengi walijibu bila shida. Nilikuwa nimepima lugha na kuiandikia alama za Hisabati. Chora jedwali la utahini hata kwa jaribio la kipindi kimoja, mistari minne tu inatosha, uone ni swali lipi linapima ujuzi upi.

Chaki ya Pwani

Huku Kenya mtaala wa umilisi umetuletea viwango vinne, kutoka mbali na matarajio hadi kuzidisha matarajio, na katika mpango wa gredi ya 6 tathmini za shuleni zimetengewa asilimia 60, huku KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa gredi hiyo, ikipewa 40. Nilitarajia maneno yangeleta nafuu kuliko namba. Ukweli ni kwamba mzazi akisoma "anakaribia matarajio" huuliza hiyo ni ngapi kwa mia, na mwalimu aliyechoka hukitia kiwango kama alivyokuwa akitia alama.

Mstaafu

Suala hili tulilikuta tangu ujana wetu. Azimio la Musoma la 1974, la chama tawala TANU kuhusu elimu, lilikataa mtoto kuhukumiwa kwa mtihani mmoja wa mwisho, na kuanzia 1976 kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa kwa wanafunzi wa sekondari. Nia ilikuwa njema, lakini alama ya darasani ilipogeuka kuwa sehemu ya cheti, shule niliyofundisha ilianza kuipandisha, nami nilitia saini fomu ambazo sikuziamini. Ndiyo maana nakushauri, mwalimu, utenganishe kazi hizi mbili waziwazi: majaribio machache kwa ajili ya fomu, na mengine mengi yasiyoandikwa popote, ambayo unaandika maoni tu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake walipiga hatua, ilhali waliopewa alama, na hata waliopewa alama pamoja na maoni, hawakufanya hivyo. Mtoto akiiona alama haendelei kusoma.

Mwalimu wa Tano

Shikamoo Mstaafu, na asanteni nyote. Jana nilifungua madaftari kwa swali lile la nusu na theluthi: 2/5 ni wanafunzi 38, 2/6 ni 17, 1/6 ni 6, waliopata 5/6 ni 20, na watatu waliacha wazi. Leo nimewakalisha wale 38 upande mmoja na vipande vya karatasi, wale 17 nimewapa mifano mitatu ubaoni, na wale sita nimewaita mezani mmoja mmoja. Niliporudisha madaftari yenye maoni bila alama, mtoto wa dawati la mbele alilifungua lake, akalifunga, akaja kuniuliza kama nimesahau kulisahihisha.