Mjadala: Vikaragosi vya The XYZ Show vikirudi hewani, nani alipe?

MLETA MADA

Wadau, hili tulijadili bila kurushiana matope. Kila siasa zikipamba moto Kenya, kuna mtu hufufua vipande vya zamani vya The XYZ Show, kipindi cha televisheni kilichodhihaki wanasiasa kwa vikaragosi, na papo hapo watu hugawanyika. Wengine husema kipindi kirudi. Wengine husema kilikuwa burudani ya wafadhili, acha kipumzike. Mimi nataka kirudi, ila nina sharti.

Kwa wadogo zetu wasiokikumbuka: kilianza 2009 Citizen TV, baadaye kikahamahama vituo. Aliyekianzisha ni Gado, mchoraji katuni mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejipatia jina Nairobi, na wazo alilitoa Ufaransa, kwenye Les Guignols de l'info, kipindi cha vikaragosi cha kituo cha Canal+. Vichwa vya wakubwa vilifinyangwa, vikatolewa kwenye kalibu vikiwa vya mpira, vikapakwa rangi, kisha binadamu akajificha chini na kutia mkono ndani. Mtangazaji wao alikuwa Keff Joinange. Anayemjua Jeff Koinange, mtangazaji maarufu wa Kenya, hahitaji kuelezwa.

Sasa kumbukeni majira yenyewe. Majeraha ya uchaguzi wa 2007 yalikuwa mabichi, tunatawaliwa na serikali ya nusu mkate, mahasimu wamegawana madaraka, Rais Kibaki huku, Waziri Mkuu Raila kule. Sebuleni kwetu baba na mjomba walikuwa wanasalimiana kwa shida. Kipindi kikianza, baba alimcheka kiongozi wa mjomba mpaka machozi, mjomba akanyamaza, anangoja. Zamu ya kiongozi wa baba haikuchelewa. Sisemi vikaragosi viliwapatanisha, wale walipatanishwa na posa ya binamu yangu. Lakini nusu saa hiyo ilikuwa ya pekee ambapo walitazama siasa chumba kimoja bila mmoja kutoka nje.

Hoja ya wafadhili siikatai: pesa za nje zilikuwamo, na kipindi chenyewe hakikuficha. Ninachokataa ni ile kusema eti kwa hiyo kilikuwa cha kigeni. Hospitali ngapi, visima vingapi hapa vina kibao cha mfadhili mlangoni, na hakuna anayekataa maji? Udhaifu wa pesa za wafadhili ni mwingine: siku wakihamia mradi mpya, wewe unabaki na vichwa vya mpira stoo.

Kituo cha televisheni nacho kitathubutu? Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali. Mwenye kituo anayeomba matangazo ya serikali mchana hatampa Rais wa mpira nafasi usiku. Na wanaopendekeza kipindi kiwekwe KBC kwa kodi yetu, hebu tusidanganyane.

Sharti langu ndilo hili: watazamaji walipe. Juni 2024 vijana walichanga mamilioni ya shilingi mtandaoni, kwa siku chache tu, kwa ajili ya majeruhi wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Shilingi hamsini hamsini za M-Pesa zinaweza kuendesha kipindi, na hakuna waziri wa kumpigia simu mchangaji wa hamsini.

Karibuni mnipinge.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mimi niko Dar. Umemtaja Gado, basi malizia. Januari 2015 alimchora Kikwete kwenye The EastAfrican, na mwezi huohuo gazeti likazuiwa kuingia huku, sababu iliyotolewa ni usajili. Mwaka uliofuata hakuwa tena na mkataba Nation, kampuni yenye gazeti hilo. Hiyo ilikuwa karatasi. Wewe unataka kichwa kinachoongea! Isitoshe, vikaragosi vya nini zama hizi? Kijana mwenye simu anatengeneza video ya kiongozi yeyote kwa akili mnemba, bure, ndani ya dakika kumi. Hamsini yangu naweka bando.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi napinga kwa sababu nyingine. Tulicheka sana, kisha tukapanga foleni tukawachagua walewale. Uhuru Kenyatta na Ruto walikuwa vikaragosi kwenye kipindi hicho, na 2013 wakaingia Ikulu. Kucheka kulitupunguzia hasira ambayo tungeipeleka kwenye sanduku la kura. Wachekeshaji wa kundi la Redykyulass pia walimwigiza Rais Moi tukavunjika mbavu, leo mwenzao KJ ni mbunge wa Dagoretti Kusini, na mwenzao Nyambane alipata kazi Ikulu enzi za Uhuru Kenyatta. Wachekeshaji humezwa, ndugu yangu.

MLETA MADA

Ndugu, hapo kwa Redykyulass umenisaidia. Mwigizaji ana njaa, ana watoto, ana ndoto ya ubunge. Kikaragosi hakiteuliwi kuwa mkurugenzi. Aliye chini ya meza akiitwa Ikulu, mwingine anatia mkono na kipindi kinaendelea. Kuhusu kura, hicho kipimo ni kikali mno. Magazeti nayo yaliandika ufisadi kila siku na wakachaguliwa. Mbona husemi magazeti yafungwe?

Mkuu wa Dar, hoja ya akili mnemba ndiyo nzito. Lakini fikiria yaliyompata Kibet Bull, yule kijana wa katuni za kivuli za Rais. Alitekwa Desemba 2024, akaonekana tena Januari 2025. Alikuwa peke yake na simu yake. Kipindi kina kampuni, kina wakili, kina waandishi kumi mezani wanaobishana kama mzaha huu ni wa haki au ni matusi, na kesho kikikosea kuna mlango wa kubisha. Video ya dakika kumi haina mwenyewe. Ikizua uongo inasambaa, na mwenye kuitengeneza akikamatwa hakuna anayejua aanze kumtafuta wapi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sawa, wakili nimekubali. Ila hizo hamsini zitapita kwenye namba ya nani? Maana huyo mwenye namba ndiye atakayegongewa mlango kwanza.